Aliyelala Hapa Usiku wa Sensa

Swali la kwanza la sensa lilikuwa jepesi kuliko yote: usiku wa sensa, nani alilala hapa? Halikuuliza nani anatarajiwa, wala nani anapumua. Tulifundishwa tuulize hivyohivyo, neno kwa neno, nami nikauliza hivyohivyo katika nyumba sitini na moja za Sidakeni, milimani juu ya Nongoma, nilikozaliwa.

Thelathini na tatu nilizikuta na kufuli. Nyumba nzuri za vigae, zimejengwa na watu walioko Durban, Johannesburg na wengine Dubai, wanaokuja Krismasi kuchoma nyama wiki mbili kisha hao. Msimamizi wangu, Zondi, alifurahi sana. Alinionyesha kwamba kata yetu imepanda katika ripoti ya maendeleo: miaka kumi nyuma kila bomba lilihudumia watu tisini, sasa thelathini na wanane.

"Unaona, Zibuyile? Sasa maji yanawatosha."

"Bomba ni lilelile, baba. Watu ndio hawapo."

"Hilo ripoti haiulizi, binti. Wewe jaza."

Nilitamani nimtupie kile kishikwambi cha kujazia fomu. Mmoja wa hao waliofanya maji yatoshe alikuwa kaka yangu Mbongiseni.

Aliondoka miaka minne iliyopita kwenda bandarini Durban, kupanga makontena ya bidhaa kutoka nchi ambazo sisi tunazijua kwa maandishi ya chini ya sahani. Asubuhi ile kamba ya kiatu chake ilikatika pale zizini, nikachomoa nyekundu ya kiatu changu cha michezo nikampa. "Bandarini watanicheka," alisema, akaifunga haraka haraka akakimbilia gari. Mama alikuwa bado jikoni. Mwaka wa kwanza alipiga simu kila Jumapili. Halafu simu ikazimwa, na mwenye habari zake hakupatikana.

Mama alikataa msiba. Alilifunga geti kwa waya likiwa wazi, ili mwanawe asije akalikuta limefungwa, na kila aliyeuliza alijibiwa, "Yuko safarini." Mimi niliomba awe amepata mwanamke huko akatusahau. Ningemchukia kwa raha zangu zote. Kilichokuwa kinanila ni kutojua.

Jumatatu, kesho yake baada ya usiku wa sensa, niliingia kwa MaKhoza. Mdogo wake, Zwelakhe, alikuwa nje amekaa juu ya kreti, anapukuchua mahindi kwa uso wa mtu aliyeonewa. Nikamsalimu, nikavua viatu, nikaingia katika nyumba ya msonge. Baada ya jua la nje sikuona vizuri. MaKhoza alinisukumia bakuli la maziwa mgando kabla sijafungua mdomo.

"Kunywa kwanza. Serikali yenyewe haiwalishi, mmekonda kama fito."

"Asante, Gogo," nilisema, kama tunavyowaita bibi zetu. "Usiku wa sensa, nani alilala hapa?"

"Mimi. Na huyo mnunaji hapo nje. Na Khayelihle."

Khayelihle ni mjukuu wake. Yeye naye alikuwa bandarini Durban, na sikuwa nimesikia kwamba amerudi. Huyu angekuwa na habari za kaka yangu.

"Umri wake?"

"Thelathini na nne."

"Elimu?"

MaKhoza aligeuza uso kuelekea mwisho wa nyumba, kule ndani, akatega sikio, akasubiri. Kisha akaguna.

"Darasa la kumi na moja. Kumbe cheti alichotuonyesha alikinunua! Mwone huyu! Na mbuzi nilimchinjia."

Nikacheka, nikaandika. "Kwani analala mpaka saa hizi? Namtaka, Gogo. Nina langu la kumuuliza."

"Muulize tu. Anasikia."

Macho yalikuwa yameanza kuzoea kiza. Kule ndani mwisho, mahali pa wazee wa ukoo waliotangulia, ambapo hakuna anayekaa, palitandikwa blanketi. Pembeni yake palikuwa na sahani ya nyama na chungu cha pombe. Juu ya blanketi kulikuwa na tawi la miiba, majani yake yameanza kukauka.

Hakuna mtoto wa Sidakeni asiyelijua tawi la umlahlankosi. Anayefia mbali hufuatwa nalo. Mzee wa nyumba huenda hadi pale alipoangukia, humwita kwa jina, humlipia kiti garini, na njia nzima huongea naye yeye tu, mpaka amlaze nyumbani. Vidole vyangu vilikuwa bado viko juu ya kioo cha kishikwambi.

"Gogo. Khayelihle amefariki lini?"

"Wiki mbili zilizopita. Kontena lilimwangukia. Zwelakhe kamleta Ijumaa, mwili wanauleta keshokutwa."

"Mbona umenitajia aandikwe?"

"Umeniuliza aliyelala hapa. Alilala hapa. Au nimdanganye mtoto wa watu?"

Nilitaka kuufuta ule mstari. Zwelakhe alikuwa ameingia, na alikuwa na dukuduku lake kwa MaKhoza.

"Dada, huyo msafiri wako kanitia aibu. Nimelipa viti viwili, changu na chake. Cha tatu, nyuma yetu, kila anayekikalia anainuka. Mama mmoja mnene kainuka mara mbili, anasema pana baridi. Mpaka hapa Nongoma, gari limejaa watu wamebanana, kile kiti kitupu! Dereva ananifokea mimi, na mimi siruhusiwi kujibu!"

MaKhoza alinyoosha mkono anyamaze. Alikuwa amegeukia tena kule ndani mwisho. Nje kuku walikuwa wakigombania mahindi, kisha nao wakatulia. Mimi sikusikia kitu. Niliona tu uso wa yule bibi ukibadilika taratibu, kama wa mtu anayesomewa barua.

"Anasema alikuwa na mwenzake. Wa bandarini. Huyo hakuitwa na mtu, aliona tawi tu akafuata. Wakashuka wote njia panda, mwenzake akashika njia ya juu."

Njia ya juu inaishia kwetu.

"Jina lake, Gogo."

"Jina silipati. Sauti yake bado iko mbali." Akatega tena. "Anasema ana kamba nyekundu kiatu kimoja."

Hapa Sidakeni kamba ile tuliijua watu wawili tu, mimi na aliyeivaa.

"Mguu gani?"

MaKhoza hakuharakisha.

"Wa kushoto. Anasema yuko getini kwao. Haingii mpaka aitwe, mwanangu."

Sikumaliza fomu. Nilipanda ile njia adhuhuri, jua la utosi, na kila nilipopita nyumba yenye kufuli nilihisi dirisha lake linanitazama. Niliogopa kufika. Niliogopa zaidi kuchelewa.

Mama alikuwa uani, fimbo mkononi, anawafokea mbuzi.

"Afadhali umekuja, nisaidie na hawa wehu. Tangu Ijumaa hawapiti getini. Geti liko wazi, wao wanajibana kwenye tundu la ua mpaka wanachunika ngozi."

Nilitazama lile geti lililofungwa kwa waya likiwa wazi. Kati ya nguzo mbili palikuwa patupu. Nilipita nikiwa nimebana bega upande mmoja, kama mtu anayempisha mwenzake, na ubaridi ulinipitia mkononi mpaka kwenye kiwiko.

Nikamwambia Mama yote, ya kiti, ya kamba, ya mguu wa kushoto. Nilidhani atanipiga. Alisikiliza mpaka mwisho, fimbo ikamdondoka.

"Siku tatu," alisema. "Mwanangu amesimama siku tatu mlangoni kwangu, na mimi nafukuza mbuzi."

Akalia, kwa sauti, kilio alichokizuia miaka mitatu. Nililia naye. Hata yule mwanamke wa kumsingizia sikuwa naye tena.

Kisha alichukua kisu, akaenda kwenye umlahlankosi wa nyuma ya zizi, akakata tawi. Miiba ilimchoma na hakujali. Akasimama getini.

"Mbongiseni, mwanangu. Hapa ni nyumbani. Ni mama yako anakuita. Ingia."

Akalikokota lile tawi mavumbini polepole, akimwambia hapa ni zizi, hapa pana jiwe, inama mlango ni mfupi. Mimi nilifuata nyuma, nimeacha nafasi ya mtu mmoja. Akalilaza ndani, mwisho wa nyumba, mahali pa wazee wetu, akalifunika kwa blanketi lake. Tulipotoka, mbuzi walikuwa wanapita getini, mmoja mmoja. Mama aliufungua ule waya, akalifunga geti.

"Haya," alisema. "Na sisi tuandike."

"Mama, usiku wa sensa hakulala ndani."

"Alilala getini kwangu. Hilo geti ni la nani?"

Nikaandika watatu. Kishikwambi kikaniuliza umri wake, nikaandika ule alioondoka nao: ishirini na sita.