Mirija Iliyopitisha Hewa

Kazini walimwita Mama Sumaku, maana kwa miaka sita hakuwa na habari nyingine ila ile sumaku kubwa ya chumba cha chini. Alitumbukiza humo mrija wa kioo wenye spiriti na maji, akavishtua viini vya haidrojeni kwa mawimbi ya redio, kisha akapima vinachukua muda gani kutulia. Kadiri molekuli zinavyoshikana, ndivyo vinavyotulia upesi. Vyake vilitulia upesi kuliko vya mtafiti yeyote. Aliandika makala, akasifiwa, akaajiriwa.

Mirija ilifungwa na mjomba wake, fundi vioo wa chuo, aliyemlea tangu ana miaka minne. Mjomba alitoa hewa yote kwa pampu, kisha akayeyusha shingo ya mrija mpaka izibe. Hewa ikiingia, oksijeni yake hutuliza viini upesi, na kipimo kinakuwa uongo mtupu.

Siku mjomba alipougua mafua, Mama Sumaku alijifungia mrija mwenyewe. Muda ukatoka mara mbili ya ule aliouzoea. Akarudia. Vilevile. Akaitoa mirija ya zamani kabatini, akaitazama kwa lenzi mmoja mmoja. Karibu yote ilikuwa na nyufa shingoni, nyembamba kama unywele.

Mzee aliporudi, Mama Sumaku alimfuata karakanani na mrija mmoja.

"Mjomba, huu uliukagua?"

Mzee akaupapasa shingoni. Hakuuinua kwenye mwanga.

"Uko sawa."

"Una ufa, mjomba. Unaonekana kabisa."

 Mzee akautua ukingoni mwa meza. Mpwa wake akaudaka ukianguka.

"Macho yaliniaga kitambo," alisema. "Nafanya kwa vidole. Niliogopa watanirudisha nyumbani, na wewe ulikuwa hujamaliza kusoma."

"Tangu lini?"

"Usiniulize, mwanangu."

"Tangu lini, mjomba?"

"Tangu ulipoanza na hiyo sumaku."

Wiki hiyo Mama Sumaku aliandika barua ya kuifuta makala yake. Mkuu wa idara alimuuliza nani alifunga mirija.

"Mimi," alijibu.

Mkataba wake haukuongezwa. Mjomba aliposikia, alikwenda ofisini akishika ukuta, akaeleza kila kitu. Mkuu akampa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, akasema barua ya kutomwongezea mpwa wake mkataba imeshatoka. Mzee naye akaachishwa kazi.

Sasa wanashinda nyumba moja. Mpwa akimpelekea chai, mjomba hunyoosha mkono akapokea, wala hathubutu tena kumwita mwanangu.