Mnara Uliokaa Vibaya

Saa tatu asubuhi fundi alikuwa juu ya bati, miguu ameitanua asiteleze, akifunga antena kwenye nguzo kwa spana namba kumi. Chini yake waya mweusi ulipita dirishani, ukazunguka kabati la vyombo, ukaingia kwenye modemu. Modemu ilikuwa na taa tatu. Ya umeme iliwaka kijani. Ya pili nayo kijani. Ya tatu, ile ya mtandao, iliwaka nyekundu, tena nyekundu ya kiburi, kama jicho la mtu aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi.

Nyumba ilikuwa ya mkunga mstaafu. Kwa miaka thelathini na minane alizalisha watoto wa mtaa ule, na nusu ya watu waliokuwa wakipita barabarani asubuhi ile yeye aliwaona kabla mama zao hawajawaona. Mziwanda wake, binti wa miaka ishirini na minne, alisomea kazi hiyohiyo na kumaliza kila kitu isipokuwa mtihani wa mwisho wa mdomo. Mtihani huo hufanywa kwa video mbele ya watahini watatu, mtahiniwa akiwa peke yake chumbani, kwenye anwani aliyojiandikisha. Mara ya kwanza mtandao ulikatika kwenye swali la nne. Mara ya pili ulikatika akiwa bado anawaamkia. Anayepotea mara tatu hufutwa kwenye orodha, na miaka yake minne ya masomo inakwenda na maji. Mara ya tatu ilikuwa siku hiyo, saa nane mchana. Ndiyo maana Mziwanda alikuwa jikoni akiosha sufuria ambayo alishaiosha.

Fundi alikuwa dada mwembamba, si wa maneno mengi, mwenye sifa ya kutoondoka kwa mteja mpaka taa iwake kijani. Alizima modemu, akahesabu dakika mbili, akaiwasha. Alitoa laini, akaifuta kwa pindo la shati, akairudisha. Akaihamisha modemu mbali na friji. Akapanda tena juu, akawa anaizungusha antena kidogo kidogo, kulia, kushoto, huku akimwuliza Mziwanda kama namba za nguvu ya mtandao kwenye simu zimepanda, naye Mziwanda akijibu kwamba zimeshuka. Mwishowe alisimama juu ya meza ili simu ishike, akapiga kwenye kampuni. Kampuni ikamjibu, kwa upole kabisa, kwamba eneo hilo lina mtandao wa kutosha. Mtaa ulikuwa umelalamika kwa miaka kumi na mmoja, barua tisa, na jibu lilikuwa hilohilo. Upole wao haukuwahi kupungua, hilo lazima tuwape.

Saa tano na nusu fundi alirudi juu ya bati, akakinga jua kwa kiganja, akautazama mnara wa simu wenyewe. Ulikuwa mteremkoni, ng'ambo ya uwanja wa shule, umepakwa rangi nyekundu na nyeupe. Masahani na vibao vyake vyote vilielekea kilimani, kwenye nyumba zenye mageti. Upande wa mtaa kulikuwa na ngazi, kutu, na kisogo. Fundi alishaona minara mingi, na kisogo alikijua. Akashuka.

"Mama," alimwambia mkunga, "antena haina kosa. Mnara umetupa mgongo."

Mkunga alikuwa akikunja nguo. Aliuliza mnara umekaa hivyo tangu lini. Fundi akasema tangu ulipojengwa. Aliuliza tena kama umekaza kabisa au unacheza kidogo. Fundi akasema kipimo cha jambo hilo hakuja nacho. Mkunga akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akavaa viatu vyake vya raba ambavyo hakuvigusa tangu astaafu, akamwambia Mziwanda aoge, avae gauni la bluu, akae mbele ya kompyuta kama mtu ambaye mtandao anao. Kisha yeye na fundi wakakata uwanja wa shule.

Mnara ulizungushiwa uzio, na getini alikaa mlinzi mwenye redio na daftari la wageni.

"Haruhusiwi mtu bila barua, Mama," mlinzi alisema.

"Wewe ulitanguliza miguu," mkunga alimjibu. "Nilikudai barua?"

Mlinzi aliliona hilo lina uzito, akafungua geti. Aliomba tu mgeni ajiandikishe. Kwenye jina mkunga akaandika Mkunga. Kwenye sababu ya kuja akaandika: kugeuza.

Aliuzunguka mnara mara moja. Akaweka sikio kwenye chuma, akatafuta mahali panapodunda. Akaupapasa mguu mmoja, halafu mwingine, akamwambia fundi kwamba si mbaya, amewahi kukutana na wabishi zaidi. Kisha akaweka kiganja kimoja juu, kingine chini, akasukuma. Mnara ulipokaza aliacha. Ulipolegea aliendelea. Hakuwa na papara hata chembe, ijapokuwa fundi alikuwa akitazama saa mpaka macho yanamuuma. Bolti zilibaki zilipo na zege halikupasuka. Mnara uligeuka tu, kwa sauti ya kabati linaloburutwa chumba cha pili, na ndege waliokuwa juu yake wakasogea kupisha. Saa saba na dakika arobaini ulikuwa unautazama mtaa uso kwa uso. Mziwanda akampigia fundi simu kusema taa imekuwa kijani, na alipiga akiwa amekaa.

Fundi alitaka kushangilia, mkunga akamwambia bado.

"Nikitoa mikono sasa atarudi alivyokuwa. Nitamshika mpaka mtihani uishe."

Alisema atarudi, si utarudi, na hakuna aliyemsahihisha.

Mtaani simu zilianza kulia. Ujumbe wa miaka kumi na mmoja ulikuwa ukiingia kwa foleni, wa zamani kwanza. Watu walisimama vibarazani wakisoma pole za misiba iliyokwisha kuanuliwa, na kutazama picha za watoto wachanga ambao siku hizi wanajifunga kamba za viatu wenyewe. Mshonaji wa kwenye kona alisoma kwamba amepata kazi kwenye kiwanda cha sare, na kwamba nafasi yake itashikiliwa mpaka Ijumaa. Ijumaa hiyo ilipita miaka tisa nyuma. Aliusoma ujumbe mara mbili, akaitia simu mfukoni, akarudi kwenye cherehani. Alikuwa na hasira, na ilikuwa haki yake.

Kilimani nako mtandao ulikatika. Gari la kampuni, ambalo mtaani lilikuwa likisikika kwa jina tu, lilifika baada ya dakika kumi na nane. Walishuka wanaume wawili wenye kofia ngumu, na mhandisi. Mhandisi alitaka kujua nani ameruhusu mambo haya. Mlinzi akampa daftari. Mhandisi akasoma, akamwangalia yule mama aliyeinamia chuma, jasho likimtiririka shingoni, akaagiza mikono itolewe mara moja.

Mkunga hakuinua kichwa. Alimwuliza kama ana watoto.

"Watatu," mhandisi akasema.

"Na wewe uko pale nje ya mlango, mwanangu, ulimwamrisha mkunga atoe mikono?"

Mhandisi akapiga simu ofisini, akaambiwa jambo hilo halina fomu. Basi akakaa juu ya jiwe, wenzake wakakaa kando yake, wakasubiri kama wanavyosubiri akina baba, kwa kukohoa na kutazama saa.

Nyumbani Mziwanda aliulizwa maswali kumi na mawili. Picha haikuganda hata mara moja. Kwenye swali la tisa alimsahihisha mtahini mmoja, kwa heshima zote, naye mtahini akakubali. Matokeo alipewa papo hapo. Saa tisa na dakika ishirini alitoka mbio bila viatu, pindo la gauni mkononi, akakatiza uwanja wa shule katikati ya mpira, na mtaa mzima nyuma yake.

"Nimefaulu, Mama," alisema, akiwa ameshika uzio.

Hapo mkunga akatoa mikono. Vigelegele vilipigwa mpaka mlinzi naye akapiga, ingawa alikuwa kazini. Mmoja wa wale wenye kofia ngumu alijisahau akapiga makofi. Mkunga alilia kwa furaha waziwazi, mbele za watu, akasema viganja vinawaka moto na tena ana njaa. Nyuma yake mnara ulirudi taratibu kutazama kilima, simu zikanyamaza, na siku ile hakuna aliyejali.

Wiki hiyo watu wa kilimani waliandikiwa barua ya kuombwa radhi kwa usumbufu wa saa moja na dakika arobaini na tano. Mtaa haukuandikiwa kitu. Kampuni ilikaa kikao, ikaamua kwamba dawa ya usumbufu huo ni mnara wa pili kando ya ule wa kwanza. Ulijengwa kwa siku kumi na mbili. Ulipokwisha, fundi alipanda juu ya bati akautazama, akashuka.

"Nao umetupa mgongo," alisema. "Sasa ni miwili."

Mkunga alikuwa sebuleni na Mziwanda, wakitafuta mahali pa kutundika leseni iliyofika asubuhi ile. Mshonaji wa kwenye kona alikuwa na usaili wa kazi kwa video saa kumi.

"Mapacha," mkunga alisema, akamtazama binti yake.

Mziwanda akaiweka leseni juu ya kabati, akapandisha mikono ya gauni, wakatoka wote wawili.