Alikozaliwa Sumaya

Kwa miaka mitano Sumaya alikuwa akichora milima ya Fizi ubaoni kwa chaki ya kijani, katika sekondari moja ya Baraka, na hakuwahi kuipanda hata siku moja. Kwa hiyo mkuu wa shule alipomtuma pamoja na Wilfried, mwalimu wa biolojia, wakaikague hifadhi ya taifa ya kule juu kabla ya kupeleka wanafunzi, alifurahi hata akasahau kuuliza habari za baridi.

Baridi aliikuta. Walipanda pikipiki mpaka barabara ikawaishia, wakalala kwenye kituo cha walinzi wa hifadhi, na asubuhi mlinzi mmoja aitwaye Déogratias akawaongoza kwa miguu. Huyu alikuwa mtu wa maneno mengi. Aliwaahidi kilima ambacho ukisimama juu yake unaliona ziwa Tanganyika lote, na milima ya Tanzania ng'ambo. Wakapita katikati ya mianzi iliyodondosha maji shingoni, wakavuka kijito cha maji ya kuuma meno, wakatokea kwenye majani mafupi kama zulia. Hapo ukungu ukawashukia.

"Ziwa iko hapa mbele," alisema Déogratias, akinyoosha mkono kwenye weupe mtupu.

"Hapa wapi?" Wilfried akauliza.

"Hapa hapa. Ila leo haionekane."

Sumaya alicheka, lakini alipogeuka nyuma hakujua tena walikotokea. Yeye, mwalimu wa jiografia! Kaskazini na kusini zilikuwa zimempotea kabisa. Déogratias akasema wasihangaike, waende wakangoje kwenye nyumba ya mama mmoja mfugaji, mpakani mwa hifadhi, wapate moto na maziwa.

Mama huyo aliitwa Mugwaneza. Alikuwa mrefu, amevaa koti la mwanamume juu ya kitenge, na alikuwa amechutama akipuliza kuni mbichi. Aliwakaribisha bila kutazama. Moto ulipowaka akainua uso, akamwona Sumaya, akabaki amemkazia macho.

"Latifa," alisema.

Sumaya alidhani amesikia vibaya. Latifa lilikuwa jina la mama yake.

"Hapana, mama. Mi jina Sumaya."

"Sumaya!" Mugwaneza akasimama. "Ni we ule mutoto? Mungu wangu. Umekuwa muntu mukubwa hivi?"

"Mama, unanichanganya na mwingine," Sumaya alisema kwa upole. "Mi ni mutu wa Baraka. Nilizaliwa Kigoma, wakati ya vita. Mama yangu alivuka ziwa na mimba yangu."

"Nani alivuka?" Mugwaneza aliuliza, naye akionekana kushangaa. "Latifa wa Kassimu, mwenye alikuwa anauza samaki kule Swima? Ule hakuvuka. Mitumbwi ilikuwa imeshaenda yote. Alipanda huku na miguu yake, miguu imevimba, nikamupokea kwetu, upande wa Bibokoboko. Ulizaliwa mu jikoni yangu. Hakukuwa na maziwa mu kifua yake hata kidogo. Ulikunywa ya ng'ombe."

Kassimu lilikuwa jina la marehemu baba yake. Sumaya akamtazama Wilfried, Wilfried akatazama kikombe chake cha maziwa.

"Batu wanafanana," Sumaya alisema, na sauti yake mwenyewe akaisikia nyembamba. "Majina pia yanafanana."

Mugwaneza hakubishana. Alisogea, akagusa kitambaa cha kichwa cha Sumaya, upande wa kushoto, nyuma ya sikio. "Hapa kuna alama ya moto. Kaa liliruka, ulikuwa na miezi mitatu. Nililia kupita mama yako."

Kovu lilikuwapo. Hakuna aliyelijua ila watu wa nyumbani, maana hakutoka nje bila kitambaa tangu utotoni. Nyumbani aliambiwa ni taa ya mafuta, katika kambi ya wakimbizi, Kigoma.

Sumaya alikunywa maziwa aliyopewa bila kujua ladha yake. Mugwaneza alizidi kusimulia: miezi tisa waliyokaa pamoja, Latifa aliyeogopa ng'ombe mpaka akaja kuwakamua mwenyewe, siku Kassimu alipokuja kuwachukua. Kisha akauliza, polepole, "Latifa iko muzima?"

"Iko muzima," Sumaya alijibu. "Magoti ndiyo yanamusumbua."

Wakati wa kuondoka Mugwaneza alimkumbatia muda mrefu. Sumaya hakujua aweke wapi mikono yake. Ukungu ulikuwa umepasuka kidogo, Déogratias akapiga kelele waje kuona ziwa, na Wilfried akakimbia na simu yake kupiga picha. Sumaya aliona kipande cha buluu chini kabisa, akashindwa kukumbuka kwa nini alikuwa akikitamani.

Alifika Baraka siku ya pili mchana. Mama yake alikuwa uani, akichambua dagaa kwenye ungo.

"Mama, mi nilizaliwa wapi?"

"Kigoma. Unauliza nini leo?"

"Nimeonana na Mugwaneza."

Mikono ya Latifa iliendelea kuchambua, kisha ikasimama. Alitazama ukuta wa jirani, akatazama mlango. "Nani alikuambia jina hiyo?"

"Yeye mwenyewe. Alinishika hapa," Sumaya akagusa nyuma ya sikio.

Latifa akasema kwa sauti ya chini kwamba waliporudi, huku chini watu walikuwa na hasira na wafugaji wa juu kwa sababu ya vita. Aliyelala kwa wale wa juu aliitwa msaliti, na kule juu nako aliyemficha mtu wa ziwani aliitwa hivyo hivyo. "Baba yako akasema tuseme Kigoma. Kila mutu alitoka Kigoma. Tukasema leo, tukasema kesho, mpaka mi mwenyewe nikaanza kuiona ile kambi mu kichwa."

"Na hukumutafuta? Miaka yote hii?"

"Ningemutafuta nikiwa nani?"

Sumaya alikuwa na hasira, lakini kila alipotafuta wa kumkasirikia alimkosa. Alitoa karatasi ambayo Déogratias alimwandikia: namba ya mpwa wa Mugwaneza, ambaye Jumapili baada ya ibada hupanda kilimani penye mtandao pamoja na shangazi yake.

Jumapili walipiga. Simu iliita, ikakatika, ikaita tena. Latifa akaipokea kwa mikono miwili. Alisalimia kwa Kiswahili, akaisikiliza sauti ya Mugwaneza, na ghafla akaanza kusema Kinyamulenge, lugha ya wafugaji wa juu, kwa kasi, kama aliyekisema jana. Sumaya hakuwahi kulisikia hata neno moja la lugha ile kinywani mwa mama yake. Alikaa kando yake kwenye mkeka, akimtazama akilia, akicheka, akijipiga paja, akilitaja jina Sumaya hapa na pale katikati ya maneno mengine yote, na hakuelewa wanamsema nini.