Picha Iliyochelewa Chumbani

Mzee aliniita nitoe picha kwenye king'amuzi cha sebuleni niipeleke kwenye televisheni ya chumbani, alikolala mkewe. Nikamshauri anunue king'amuzi cha pili, kila mtu aangalie anachotaka.

"Hapana, fundi. Nataka aone ninachokiona mimi, saa ileile."

Binti yao alinieleza jikoni kwa sauti ya chini. Tangu ugonjwa umkondeshe, mama hataki mumewe amwone. Anayeingia chumbani ni binti peke yake. Miaka arobaini wazee hawa waliangalia mpira kwenye kochi moja. Sasa walizungumza kupitia ukuta.

Kutoboa ukuta nipitishe waya kungemsumbua mgonjwa, hivyo nikafunga kifaa kinachotuma picha bila waya. Picha ikatoka safi. Sikupima inachelewa kiasi gani.

Jioni hiyohiyo, nikiwa bado nakusanya vifaa vyangu, timu yao ikafunga goli. Mzee akapiga kelele. Chumbani kimya, kisha sauti ya mama:

"We mzee, mmeshafunga huko? Huku mpira bado uko katikati ya uwanja."

"Nisamehe, mke wangu."

"Unanipa habari za kesho. Fundi bado yupo? Mwambie nataka kushangilia na mume wangu, si baada yake."

Tulicheka wote. Nikaahidi kurudi Alhamisi nipitishe waya juu ya dari, ili picha zifike pamoja. Mechi nyingine ilikuwa Ijumaa.

Alhamisi ilinikuta kwenye nyumba ya wageni, vyumba kumi na viwili, kazi haijaisha. Nikapiga simu kusema nitakuja Jumatatu. Mzee akasema haina neno.

Jumatatu nilikuta viti vya kukodi vimejaa uani. Mama alikuwa amefariki Jumamosi.

"Ijumaa tulifunga mara mbili," binti aliniambia. "Baba alijiziba mdomo, anangoja sauti ya mama itangulie. Haikutoka."

Waya niliokuja nao ulikuwa bado begani mwangu. Mzee hakunilaumu, na hilo ndilo lililonielemea.

"Nikuondolee vifaa, mzee?"

"Ng'oa hivyo vyote. King'amuzi kipeleke kule chumbani kwake. Nitakuwa nakaa huko."

Nikakibeba. Alinifuata hadi mlangoni mwa chumba, akasimama hapo, akapiga hodi kwanza kama mtu anayeomba ruhusa. Binti akaja, akamshika mkono, wakaingia.