Kinyozi Aliyefuga Ndevu za Tovuti

Kichwa cha kinyozi ndicho kilichokuwa kibao cha duka lake. Wiki hii kipara, wiki ijayo denge, nyingine mstari umepita pembeni kama barabara mpya. Wateja hawakuhangaika kueleza mtindo. Walikionyesha tu kichwa chake kwa kidole, wakakaa.

Halafu akashinda poka, zile karata za mtandaoni alizozicheza kwenye simu kila kiti kilipokuwa kitupu. Alitoka mbio na taulo la kazi begani, akaingia chumba cha pili kwa mchumba wake mshonaji, akambeba juujuu na utepe wake wa kupimia shingoni.

"Mke wangu, ndoa imejileta! Hela ikitoka tu, tunataja siku."

Hela haikutoka. Tovuti ya poka ilitaka picha yake ameshika kitambulisho. Akaipeleka, ikarudishwa: sura hazifanani. Na kweli hazikufanana. Kwenye kitambulisho alikuwa na kichaka kichwani na ndevu za kufagilia uwanja. Dukani alikuwa na kipara kinachong'aa kama sufuria mpya.

Basi kinyozi akaacha kujinyoa. Nywele zikaota, ndevu zikazifuata. Wateja wageni walichungulia mlangoni, wakaona simba ameshika mkasi, wakaomba radhi wakapita.

"Mbona unajifuga, ndugu yangu?" fundi viatu wa ng'ambo ya barabara alimtania. "Unasubiri mnada?"

"Cheka tu. Hela ikitoka, nakununua wewe na viatu vyako."

Mshonaji alikanyaga cherehani yake, akiangalia. Kila ujumbe wa tovuti aliosomewa ulianza vilevile: hongera, umebakiza hatua moja tu. Mara picha ina kivuli. Mara sikio limekatika. Mara lete ya ubavu.

"Hatua moja hiyo ina miguu kama jongoo," alisema.

"Subira huvuta heri, mpenzi."

"Heri sijaiona. Nimeona ndevu."

Tatizo lilikuwa shangazi aliyemlea mshonaji. Alikwisha kutuma neno: anakuja kusikia siku ya ndoa kwa masikio yake, na asipoisikia, anapakia cherehani na kuondoka na binti yake.

Akaja asubuhi, duka limejaa wapiga soga. Alisimama mlangoni, akamtazama yule mtu wa msituni.

"Samahani, baba. Kinyozi yuko wapi?"

Duka likaangua kicheko.

"Ni mimi, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Kama kweli ni wewe."

Hata hajakaa, simu ikalia. Kinyozi akasoma kwa sauti: "Picha yako imekubaliwa!" Akaruka mpaka akagonga taa. Fundi viatu akamkumbatia, shangazi akaanza kigelegele. Mshonaji aliyatazama macho ya mchumba wake tu. Aliyaona yakishuka mstari wa pili, kisha yakasimama.

"Malizia kusoma," alisema taratibu.

"Wanasema... niweke hela kidogo kwanza. Ndipo wafungue akaunti."

Kigelegele kikakatika katikati. Mkono wa kinyozi ulikwisha kugusa droo ya mauzo. Mshonaji aliuona. Alijua droo ile ikifunguliwa, shangazi hatangoja hata chai.

Kinyozi akaitazama droo. Akamtazama mchumba wake. Ghafla kicheko kikamtoka tumboni, mpaka ndevu zikatikisika.

"Jamani! Kumbe nafuga ndevu za watu!"

Akaufuta mchezo wote kwenye simu, mbele ya kila mtu.

"Shangazi, siku ni Jumamosi ijayo. Viti ni hivi vya dukani, gauni atashona mwenyewe, na atakayeshiba ashukuru."

"Siku nimeisikia," shangazi alisema. "Lakini binti yangu haolewi na kichaka."

"Na kinyozi hajinyoi," fundi viatu akadakia.

Mshonaji alikuwa ameshachukua mashine ya kunyolea. "Kaa."

"Unajua lakini?"

"Sijui. Kaa."

Alikosea kulia, akasawazisha kushoto, akakosea zaidi, mwisho akapitisha kipara, ndevu nazo akaziondoa. Kila fungu lilipoanguka, uso anaoupenda ulizidi kutokeza, unacheka na kuwashwa.

Shangazi alizikusanya nywele kwa ufagio, akazipima kwa macho.

"Msizitupe," alisema. "Mto wa maharusi umeshapatikana."