Lori Aliloliona Meneja Peke Yake

Saa nane mchana lori la majani chai lilifika kwenye kituo cha kuyapimia, nje kidogo ya Mogogosiek, na kama kawaida hakuna mkulima aliyeliona. Walisikia breki zikilia, wakanusa dizeli. Kuku wa Janefer, mkulima mwenzao, wakapisha. Mellen akainua gunia la majani aliyochuma tangu alfajiri, akalirusha upande wa harufu. Likaangukia matope.

"Umekosa, mama!" Sauti ya dereva, Kipkemoi, ilitoka hewani. Ngurumo ikaondoka.

Ilikuwa mara ya tatu wiki hiyo. Majani yakilala yanakuwa mekundu, na mekundu kiwanda hakichukui.

Kesho yake Mellen alimleta Nyagaka, fundi wa simu aliyemwoa dadake. Lori lilipolia breki, Nyagaka akapapasa hewa, akapata mlango, akashuka na tableti ya lori.

"Shemeji, humu mna programu mbili, ya meneja wa kiwanda na ya wakulima. Ya meneja inashika kipokezi cha GPS asubuhi, haiachi. Yenu haijui lori liko wapi."

"Kwa hiyo haliko?"

"Kwenu haliko."

"Na dawa?"

"Ng'ombe mmoja hakamwi na kila mwenye kikombe. Mkamaji awe kerneli, ule moyo wa mfumo unaosimamia programu zote. Ishike kipokezi yenyewe, kila programu ilete kikombe, ipate maziwa yaleyale."

"Hata ya meneja?"

"Hata yake."

"Basi fanya. Tangu uoe kwetu sijaona faida yako."

Nyagaka akaketi kwenye mizani, akabonyeza huku akitafuna mahindi choma, kisha akawasha tableti upya. Lori likatokea, magurudumu kwanza, halafu Kipkemoi akichokonoa meno. Janefer akasema linataka kuoshwa.

Mellen alikimbia nyuma na gunia lake. Lori lilikuwa limejaa hadi kwenye turubai. Kila gunia lilikuwa na jina la meneja, ambaye shamba lake lilitangulia kupitiwa kila siku.

"Lilianza kujaa lini?" aliuliza.

"Siku zote, mama," Kipkemoi akasema. "Hata ungelenga vizuri, gunia lingerudi chini."

Akawasha injini. Mellen akaketi juu ya majani yake, yaliyokwisha kupata joto.

"Si angalau sasa tunaliona likienda," Janefer akasema.

Wakalipungia mkono mpaka likapotea kwenye kona, kama lori lolote.