Vidole vya Dobi

Dobi alipima pasi kwa kidole. Alikilamba ncha, akakigusisha kwenye chuma, na chuma kikasema tss. Tss ikiwa fupi na kavu, pasi iko tayari kwa pamba. Ikiwa ndefu, inataka mkaa zaidi. Miaka ishirini na sita alikuwa akipima hivyo, kidole hiki kikichoka anatumia cha pili yake, na hakuwahi kuunguza shati la mtu.

Jumanne ile, saa tatu asubuhi, alikuwa kwenye kola ya shati la karani wa benki simu ilipolia. Aliyepiga ni kijana aliyekaa chumba kimoja na mwanawe huko Ulaya. Alisema mwenzake alirudi Jumapili kutoka zamu ya kupakia maboksi, akalala, na Jumatatu hakuamka.

"Alikuwa amekula?" Dobi aliuliza.

"Alikula, mama. Wali, akala vizuri."

Dobi alimshukuru. Akamalizia kola, maana kola ikiachwa nusu inakaukia mkunjo na haitoki tena. Ndipo akakaa chini.

Alhamisi ikaja barua ya manispaa ya mji ule. Ilisomwa na Kalamu Mbili, mjaza fomu mwenye meza yake nje ya kituo cha maombi ya viza, chini ya mwavuli uliofutika maandishi. Jina hilo alipewa kwa sababu alibeba kalamu ya bluu kwa wanaoomba mara ya kwanza na nyeusi kwa waliokwisha kataliwa. Barua ilisema kwamba maiti imewekwa kwenye chumba cha baridi na itatunzwa siku thelathini. Mzazi, mke au mtoto wa marehemu afike mwenyewe kutia sahihi ili akabidhiwe. Asipofika, manispaa itaichoma kwa utaratibu wake.

"Itaichoma nini?" Dobi aliuliza.

Kalamu Mbili alisoma tena sentensi ile, pole pole, kwa matumaini kwamba mara hii ingesema kitu kingine. "Maiti, mama."

Kwao hakuna aliyewahi kuchomwa. Baba yake alizikwa, mumewe alizikwa, hata pacha wa mwanawe aliyeishi siku mbili alichimbiwa kaburi la urefu wa mkono na akapewa jina. Dobi alichukua orodha ya mahitaji ya viza, akaikunja mara nne kama leso, akarudi nyumbani kuhesabu siku.

Siku ya nne mwanawe alikuja. Ilikuwa saa nane mchana. Aliingia amejifunga shuka ya mochwari, peku, na kikaratasi chenye namba kimefungwa kwenye kidole gumba cha mguu. Kope zake zilikuwa na chembe za barafu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda."

"Ni shuka tu." Alivuta kigoda karibu na pasi akanyoosha mikono. "Mlinzi wa kule huenda kula saa hii. Mlango hafungi vizuri. Nina saa moja."

Dobi alimfunika blanketi, kisha la pili. Mtoto alitetemeka mpaka kigoda kikagongagonga sakafu. Barafu iliyeyuka, maji yakatiririka chini ya meza, na Dobi akaweka tambara.

Jirani wa chumba cha pili, muuza mkaa aliyeitwa Bi Redio kwa sababu habari haikulala kwake, alisikia kigoda akaja kuchungulia.

"Ndiye huyu? Karibu, baba. Pole na safari." Akamgeukia Dobi. "Ng'ombe akivunjika guu hukimbilia zizini, shoga. Angeenda wapi?" Akarudi kwake akaleta debe la mkaa mzuri, usio na vumbi.

Jioni mwenye nyumba naye akapita. Alitaka kujua kama huyo kijana ni mpangaji mpya, kwa sababu ya maji.

"Ni marehemu," Dobi alisema. "Haogi."

Mwenye nyumba alifikiri kidogo, akasema basi hakuna neno.

Kuanzia hapo mtoto akawa anakuja kila siku saa nane, na saa tisa anaondoka. Dobi alipanga kazi yake kulingana na saa hiyo. Mtoto aliijua lugha ya kule, kwa hiyo walikaa na orodha ya mahitaji, yeye akisoma, mama akichambua. Picha mbili, uso usiocheka. Dobi alisema hiyo ni rahisi. Bima ya safari. Taarifa ya benki ya miezi sita. Uthibitisho kwamba mwombaji atarudi kwao. Barua ya mwaliko, yenye sahihi ya mtu anayekwenda kutembelewa.

Kisha mtoto akaomba kalamu.

Aliandika kwa tabu, vidole vimekakamaa, wino ukiganda kila mstari na mama akiupasha moto kwa kuisogeza kalamu penye pasi. Aliandika kwamba anamwalika mama yake mzazi kwa siku tano, kwamba atalala chumbani kwake, kitanda kiko wazi, na kwamba shughuli ni moja tu.

Kalamu Mbili aliipokea barua ile kesho yake akailinganisha sahihi na ile ya nakala ya pasipoti ya marehemu. "Ni yenyewe," alisema. "Barafu kidogo, lakini ni yenyewe." Akaibandika kwenye fomu, akatumia kalamu ya bluu.

Siku ya tisa Dobi aliitwa kituoni saa nane na nusu. Mtoto alimfuata huko huko, kwa kuwa ilikuwa saa yake. Mlinzi wa mlangoni aliwakagua wote wawili kwa kile chombo chake. Kwa Dobi kilipiga kelele ya pini ya nywele, kwa mtoto kikakaa kimya. Walikaa kwenye viti vya chuma vilivyofungwa pamoja. Aliyekaa jirani na mtoto alifunga vifungo vya koti na kulalamika kuhusu kiyoyozi.

Dirisha namba nne alikuwapo binti mwenye sauti laini na kucha safi. Alisoma fomu bila kuinua kichwa.

"Kusudi la safari?"

"Kumchukua mwanangu nije nimzike."

"Marehemu yuko wapi kwa sasa?"

Dobi aligeuza shingo. "Huyu hapa nyuma yangu."

Binti aliinua macho, akamtazama kijana mwenye mablanketi mawili, akashusha. "Sasa mama, kama marehemu anakuja mwenyewe, wewe unakwenda kufanya nini?"

"Anakuja saa ya chakula tu. Mwili uko kule."

Binti akaandika kitu. "Basi weka vidole hapa. Vinne vya kulia."

Dobi akaweka vidole kwenye kioo. Taa ya kijani ikawaka, mashine ikafikiri, ikawaka nyekundu. Binti akampa kitambaa afute. Nyekundu. Akampa mafuta apake. Nyekundu. Vya kushoto, nyekundu. Binti akamwomba aonyeshe mikono, na hapo ndipo alipotazama kwa makini kwa mara ya kwanza. Ncha za vidole vya Dobi zilikuwa nyororo na ziking'aa kama kitako cha kijiko. Hakukuwa na mstari hata mmoja.

"Mama, vidole vyako havina mtu."

"Mimi ni dobi, mwanangu. Napima pasi."

Mtoto akanyoosha mkono wake kutoka ndani ya blanketi. "Chukua vyangu. Mimi ni damu yake." Akaviweka kwenye kioo kabla binti hajajibu. Mashine ikaguna, ikawaka kijani, na picha yake ikajitokeza, amevaa shati la siku aliyoondoka. Binti akasoma.

"Wewe unaonekana uko ndani ya nchi ile kihalali. Kibali chako kina miezi minne." Akasema hivyo kwa upole. "Huna haja ya viza."

Dobi aliambiwa aipumzishe mikono wiki mbili, isiguse sabuni wala moto, ngozi ikijirudia arudi.

Bi Redio alichukua ufuaji wote. "Kaa kitako kama bibi harusi," alisema, "na usiniambie ninavyosuuza." Lakini alisuuza vibaya, na Dobi aliyajua mapovu yaliyobaki kwa sauti ya nguo ikipigwa upepo kambani. Alikaa juu ya mikono yake asije akainuka. Upande wa pasi mtoto alijitolea. Aliishika tu, na mkaa ukazima kama uliomwagiwa maji. Wakawasha tena, ukazima tena.

"Hata ulipokuwa hai ulikuwa hivyo hivyo," mama yake alisema. "Mvivu wa pasi."

Akacheka. Kicheko chake kilitoa mvuke mweupe, nao Dobi akauangalia mpaka ukaisha.

Siku hizo alipaka mikono mafuta, akaivalisha soksi za mtoto za shule, akawa anaitazama asubuhi kabla ya kunawa uso. Siku ya kumi na saba mstari ulitokea kwenye kidole cha shahada, mwembamba kama uzi wa kushonea vifungo. Ya ishirini ulikuwa umejizungusha. Ya ishirini na tatu vidole vitano vilikuwa na mtu, na dirisha namba nne mashine iliwaka kijani mara ya kwanza. Dobi alimshukuru binti mpaka binti akaona aibu.

"Majibu ni siku kumi na tano za kazi," binti alisema.

"Zimebaki saba."

"Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi."

Dobi hakuwa na habari hiyo. Kwa dobi Jumapili ndiyo siku yenye nguo nyingi kuliko zote, na alipokuwa akihesabu nyumbani aliihesabu kama siku nyingine. "Hakuna mlango wa dharura, mwanangu?"

"Upo, mama. Ni wa wagonjwa." Binti alishusha sauti. "Marehemu hana dharura."

Siku saba hizo Dobi alifanya kila alichoambiwa na kila mtu. Alipiga namba ya manispaa, ikaongea peke yake. Mtoto alimtafsiria: inasema bonyeza moja, inasema subiri, inasema ofisi imefungwa. Kalamu Mbili aliandika barua tatu za kuomba waongeze siku. Mtoto mwenyewe alirudi nazo, akaziweka mezani kwa mlinzi, na mlinzi akazitumia kufunika chai. Usiku Dobi aliota orodha ya mahitaji ina ukurasa wa nyuma ambao hakuugeuza. Alifunga begi dogo: kanga mbili, sahani ya bati, na shati jeupe la mwanawe la kuzikiwa. Shati hilo alilifua. Hakulipiga pasi, kwa ajili ya vidole.

Majibu yalitoka siku ya thelathini, asubuhi. Bi Redio alisema unaona, watu wale wakitaka wanaweza. Dobi alikabidhiwa bahasha, akaipeleka kwa Kalamu Mbili, naye akaifungua kwa wembe ili isichanike.

Alisoma kimya. Kisha akaiweka kalamu ya bluu kwenye mfuko wa shati na kutoa nyeusi.

"Wanasema hukuthibitisha kwamba utarudi."

"Mimi?"

"Wewe, mama. Mume huna, nyumba ni ya kupanga, mtoto..." Akaruka hapo. "Wanasema unaweza kuomba tena wakati wowote. Utatoa picha mpya na vidole upya."

"Nirudi wapi kama si hapa? Mwanangu mwenyewe anarudi kila siku."

"Hilo hawakuuliza," Kalamu Mbili alisema. Hakutaka malipo. Alimsindikiza mpaka kona, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu, akasimama pale na kalamu nyeusi mkononi.

Saa nane mtoto aliingia. Kigoda hakikugonga. Alivua blanketi la kwanza, akalikunja pembe kwa pembe kama alivyofundishwa, akaliweka, akavua la pili.

"Leo sisikii baridi, mama."

Dobi alikuwa ameuona mlango ukitoa joto kabla hajaingia. Chembe za barafu hazikuwapo. Kikaratasi cha mguuni kilikuwa kimekunjamana na kuwa cha kahawia.

"Njoo uvae shati lako," alisema.

Akamvalisha, kifungo baada ya kifungo, kama siku ya kwanza ya shule. Shati lilikuwa na mikunjo ya begi mgongoni na mikononi. Liliposhika mwili, mikunjo ikaanza kunyooka yenyewe, kwanza mabega, kisha kifua, mwisho kola. Dobi aliizunguka kazi ile akiikagua. Hakuona dosari.

"Wamekunyima?" mtoto aliuliza.

"Wamesema niombe tena."

Mtoto akaitikia kwa kichwa. Alikaa kigodani, wima, asilikunje shati. Saa tisa kasoro, Dobi alilamba ncha ya kidole cha shahada, akamgusa shavuni.

Tss. Fupi na kavu.

Hakukitoa kidole. Alikiacha hapo mpaka saa yake ilipokwisha na shati likabaki peke yake juu ya kigoda, limenyooka, limejaa kwa muda, kisha likashuka taratibu. Chini, juu ya tambara la maji ambalo siku hiyo halikuwa na kazi, palikuwa na majivu ya kujaza kiganja. Aliyakusanya kwa kadibodi ya kola, akayafunga ndani ya shati.

Bi Redio alichungulia. "Ameshakwenda?"

"Ameshakwenda."

"Nikuletee mkaa?"

"Lete."

Wakati akisubiri alikitazama kidole chake kwenye mwanga wa dirisha. Kilikuwa chororo, kinang'aa. Akavuta shati la karani wa benki kutoka kwenye rundo, akalitandika mezani, akaanza na kola.